Sherehe ya mjukuu: saa ni yake, kiti ni chetu

Mtoto anayetimiza mwaka mmoja, miwili au hata mitatu hataikumbuka sherehe yake. Watu wazima wengi wakirudi nyuma kadiri wanavyoweza, kumbukumbu ya mwanzo kabisa wanayoishika ni ya umri wa miaka mitatu hivi au zaidi. Kwa hiyo keki, maputo na nguo mpya ya siku hiyo ni vya wazazi, ni vya sisi wazee, na ni vya picha zitakazotazamwa baadaye. Hilo si kosa. Mtoto kufikisha mwaka ni jambo la kushukuru na kushangilia, na anayelijua uzito wake ni yule aliyekwisha kuona miaka mingi ikipita. Kosa huanza pale mtoto anapolipishwa furaha yetu: anaamshwa usingizini ili apigwe picha, anapitishwa mikononi mwa watu 20 asiowajua, keki inamsubiri mgeni aliyechelewa, na akiangua kilio tunasema amedekezwa.

Haya tunayaandika kwa bibi, babu na jamaa wengine wa rika letu, wanaoalikwa au ambao nyumba yao ndiyo itakayopokea wageni. Mzee ana nafasi moja kwenye sherehe ya mtoto mdogo ambayo wengine hawaiwezi kama yeye, nayo ni kuwa mtu asiye na haraka. Mama yuko jikoni, baba yuko mlangoni, shangazi anafunga maputo. Mzee anaweza kutulia kitini akamtazama mtoto tangu mgeni wa kwanza anapoingia hadi wa mwisho anapoaga. Kutazama huko ni kazi kamili, na ina ujuzi wake.

Anza na usingizi

Swali la kwanza la kumuuliza mama wa mtoto lisiwe rangi ya mapambo wala idadi ya wageni. Muulize: analala saa ngapi mchana, na huamka saa ngapi? Saa ya wageni inapangwa kutokea hapo. Mtoto anayelala saa saba na kuamka saa nane na nusu, wageni waje saa tisa na nusu, akishaoga na kula kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye bado analala mara mbili kwa siku, nafasi yake nzuri ni katikati ya usingizi wa kwanza na wa pili, na kwa wengi hiyo ni kati ya saa nne na saa sita kasoro. Sherehe inayopangwa jioni kwa sababu ndipo watu wazima wanapokuwa na nafasi itampata mwenye sherehe akiwa amekwisha nguvu kabla haijachangamka.

Kwa mwaka mmoja na miwili, saa moja na nusu inatosha kabisa. Kwa miaka mitatu hadi mitano, saa mbili. Saa ya kumalizika iandikwe kwenye mwaliko, kwa sababu mgeni asiyejua mwisho ni lini huona aibu kuwa wa kwanza kuondoka, na wote wakiona aibu hiyo sherehe hurefuka bila mtu kuitaka irefuke.

Ndani ya dakika 90, mpangilio unaokwenda vizuri ni huu. Dakika 25 za mwanzo watoto waachwe wazoee mahali na kucheza wapendavyo. Zinafuata dakika 15 za jambo moja la pamoja, kisha kunawa mikono na kula kwa dakika 20. Keki iwake mishumaa dakika ya 60, isipite ya 65. Muda unaobaki ni wa kula keki na kuaga.

Hapo kwenye keki ndipo sherehe nyingi zinapoharibika. Watu wazima huiona keki kuwa kilele, kwa hiyo huiweka mwisho, na mwisho ndio wakati ambao mtoto hana tena uvumilivu wa kukaa mbele ya watu wanaomwimbia kwa sauti kubwa. Tena keki huwa inamngoja mtu. Yupo njiani, karibu anafika, dakika kumi tu. Dakika kumi za mtu mzima kwa mtoto wa miaka miwili aliyekwisha kuiona keki ni muda mrefu mno. Muda ukifika, keki iwashwe, na kipande cha mgeni kihifadhiwe. Mama akitoa uamuzi huo ataambiwa hana heshima kwa wakubwa. Mzee akiutoa, hakuna wa kumbishia. Tumia umri wako hapo.

Kuhusu idadi ya watoto waalikwa, ipo kanuni ya zamani inayofaa: umri wa mtoto, jumlisha mmoja. Anayetimiza miwili, watoto watatu. Familia kubwa haiwezi kuifuata kwa hesabu kali, lakini ijue sababu yake. Hofu ya sura ngeni huanza kwenye miezi minane hivi na kwa watoto wengi bado ni kali wanapofikisha mwaka, kwa hiyo sherehe ya kwanza kabisa inamwangukia mtoto wakati ambapo hataki wageni. Dawa yake ni wageni wakae na mtoto abaki kwenye paja la mama au la mtu anayemwona kila siku. Atawatazama mmoja mmoja. Anayetaka kumshika asubiri mtoto amnyooshee mikono mwenyewe, na asiponyooshewa aridhike na kutabasamu akiwa mbali.

Dalili za kuchoka, na kona tulivu

Kilio ni dalili ya mwisho. Kabla yake zipo nyingine ambazo anayetulia huziona. Mtoto anageuza uso unapomsemesha. Anasugua jicho au kuvuta sikio. Anashika nguo ya mama na kuikunja ngumini. Anapiga chafya au miayo bila mafua wala giza. Wengine huenda kinyume: wanaanza kukimbia huku na huko, wanacheka kwa sauti ya juu isiyo ya kawaida yao, wanasukuma wenzao. Watu husema ni sukari ya keki. Mwaka 1995 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa majaribio ambamo watoto walipewa sukari au kitamu kisicho sukari bila wao wala wazazi wao kujua kipi ni kipi, na haukuonyesha kwamba sukari inabadilisha tabia. Sukari ina ubaya wake kwa meno, lakini mbio zile zinatokana na kelele, umati na usingizi ulioruka. Kumnyima keki hakutamtuliza. Kumtoa kwenye kelele kutamtuliza.

Kwa hiyo kabla wageni hawajafika, tayarisha kona. Chumba kimoja chenye mlango, pazia limeshushwa nusu, mkeka au godoro dogo, maji yake ya kunywa, nepi mbili, kitambaa au mdoli anaolala nao, na vitabu viwili anavyovijua. Simu ibaki nje, na maputo pia. Kiti cha mzee kiwe humo, chenye mgongo na mikono ya kushikia, maana atakayeinuka na mtoto mapajani anahitaji mahali pa kujiegemeza. Dalili mbili zikionekana kwa pamoja, mchukue mtoto taratibu, usimtangazie mtu, mkae dakika kumi. Usimwimbie wala kumchezesha. Pumua taratibu naye amekuegemea kifuani, na mara nyingi utasikia mabega yake yakilegea ndani ya dakika tatu au nne. Akianza kutazama mlango tena, mrudishe. Akilala, mwache alale. Wageni watakula bila yeye.

Mtoto mgeni naye ana haki ya kona hiyo. Yupo kila mara mmoja anayejificha nyuma ya mlango akisubiri kurudi kwao.

Mshumaa kwa karibu

Itazame sura ya mtoto wa miaka miwili keki inapoletwa. Taa zimezimwa, watu wote wamegeuka kumtazama, sauti zimepanda ghafla, na mbele yake kuna kitu kinachong'aa na kutikisika. Mdomo unabaki wazi, kidevu kinaanza kutetemeka, mkono mmoja unakwenda mdomoni na mwingine unanyooka kuelekea mwali. Kwa sekunde chache hajaamua kama hili ni jambo zuri au la kutisha, na anatafuta jibu kwenye uso wa mtu anayemwamini. Uso huo uwe mbele yake, upande wa pili wa keki, ukitabasamu kimya. Wengi hukosea hapa: wote wanaompenda wanasimama nyuma yake ili waonekane pichani, na mbele zimebaki simu.

Taa zisizimwe zote. Wimbo uanze kwa sauti ya chini, na mmemwimbia siku mbili tatu kabla ili uwe kitu anachokijua. Nywele ndefu zifungwe, mikono mipana ya nguo ikunjwe, kofia ya karatasi ivuliwe. Keki iwekwe mbali na mtoto kuliko mkono wake unavyofika na nusu yake tena, isogezwe mishumaa ikishazimwa. Kibiriti kiingie mfukoni mwa aliyewasha mara tu baada ya kuwasha, kwani meza yenye keki ndiyo meza ambayo kila mtoto ataifikia. Mishumaa ya cheche tusingependa iwe mbele ya mtoto wa chini ya miaka mitano. Ikitumika, ing'olewe na kutumbukizwa kwenye ndoo ya maji, kwa sababu waya wake hubaki wa moto baada ya cheche kuisha. Maputo ya gesi yawe mbali na moto wowote. Heliamu haiwaki, lakini haidrojeni huwaka kwa mlipuko, na ukiyatazama maputo hutayatofautisha.

Kuna na mate. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walipima krimu iliyopulizwa mishumaa na isiyopulizwa, wakakuta kwa wastani bakteria wameongezeka takriban mara 14 kwenye ile iliyopulizwa. Kwa mtu mwenye afya hilo kwa kawaida halileti shida. Lakini watoto wadogo hupuliza kwa mate mengi, mara nne au tano kabla mwali haujazimika, wakisaidiwa na binamu wawili, na mezani kuna mzee mwenye kifua au mtoto mchanga. Suluhisho ni jepesi: keki ndogo moja, ya ukubwa wa kikombe, ndiyo ichomekwe mshumaa na iwe ya mtoto peke yake. Keki kubwa ikatwe pembeni. Ya mstatili wa sentimita 22 kwa 33, ukiikata mistari minne kwa sita, inatoa vipande 24 vya sentimita tano na nusu kila upande, na kipande hicho kwa mtoto wa miaka mitatu ni kingi tayari. Ya duara ya kipenyo cha sentimita 20 inatosha watu 12 hadi 16.

Vinavyokaba koo

Hapa hatutaki mtu apite haraka. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba, magego ya kusaga hayajakamilika, na sherehe inamfanya ale huku anakimbia, anacheka na kulia, yaani anavuta pumzi kwa nguvu chakula kikiwa mdomoni.

Zabibu zikatwe robo nne kwa urefu, na nyanya ndogo za duara vivyo hivyo, hadi mtoto apite miaka mitano. Soseji zipasuliwe kwa urefu kwanza ndipo zikatwe, maana kipande cha duara cha soseji kinaziba koo kama kizibo cha chupa. Karanga, korosho na jamii yake zikiwa nzima asipewe wa chini ya miaka mitano. Bisi na pipi ngumu wasipewe wa chini ya miaka minne. Asali asipewe kabisa mtoto asiyetimiza miezi 12, hata ikiwa imeokwa ndani ya kitu, kwa ajili ya vijidudu vya botulismu, ugonjwa wa sumu inayopooza misuli, ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia. Watoto wale chakula wakiwa wamekaa. Weka mkeka mmoja na usiruhusu chakula kivuke ukingo wake; sheria ya mkeka hata mtoto wa miaka miwili anaielewa.

Hatari ambayo wazee wengi hatukufundishwa ni puto. Puto la mpira lililopasuka huacha vipande vyembamba, laini, vyenye kunyumbulika. Mtoto anakiokota kimoja, anakivuta mdomoni, anakitafuna kama ubani, kisha anashtuka au anacheka. Kipande kinaingia, kinajipanga kwa umbo la koo lenyewe na kuziba pande zote, na kwa kuwa ni laini hakitoki kirahisi kwa kupigwa mgongo. Nchini Marekani sheria inataka pakiti za maputo ziandikwe onyo kwamba watoto wa chini ya miaka minane wanaweza kukabwa na puto ambalo halijajazwa au lililopasuka. Kwa hiyo maputo yajazwe na watu wazima, yasijazwe hadi kukaza, yafungwe juu ya kimo cha mtoto, na yahesabiwe. Mliweka 18, mkitoa mnatoa 18. Puto likipasuka, mtu mmoja aache alichokuwa anafanya aokote vipande vyote, atafute na chini ya kiti, kwani kipande huruka mbali kuliko unavyodhani.

Akikabwa, mwenye kukohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kusema: mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, ukiangalia baada ya kila pigo kama kimetoka. Kisipotoka, kwa mtoto aliyezidi mwaka simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya kifua, vuta ndani na juu mara tano. Kwa asiyetimiza mwaka usibonyeze tumbo kabisa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mapigo matano mgongoni, kisha mgeuze ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia huku mtu mwingine akipiga simu ya dharura. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Aliyebonyezwa tumbo apelekwe hospitali hata kama amerudi kucheka. Wanaokuwa kwenye sherehe wakubaliane mapema nani anaijua kazi hii, na asiyeijua ajifunze kwa vitendo kabla ya siku yenyewe.

Mkoba, betri na kikombe cha chai

Sisi wazee huja na hatari zetu wenyewe, na hili linauma kulisema. Vidonge vya presha, vya sukari, vya moyo na vya madini ya chuma viko mkobani, mara nyingi kwenye kile kiboksi chenye vyumba vya siku saba kinachofunguka kwa kidole kimoja. Kimetengenezwa kifunguke kirahisi kwa vidole vyetu vyenye baridi yabisi, kwa hiyo kinafunguka kirahisi kwa vidole vya mtoto pia. Kidonge kimoja cha baadhi ya dawa hizo kinaweza kumdhuru vibaya mtoto wa kilo kumi. Mkoba usiwekwe sakafuni, kitandani wala kwenye mgongo wa kiti. Ukifika, muulize mwenye nyumba kabati la juu liko wapi uuweke humo kabla hujakaa. Dawa ya saa hiyo imeze bila mtoto kukuona, naye asiambiwe kamwe kwamba dawa ni pipi.

Betri bapa za duara, zile za mfano wa sarafu, zipo kwenye kadi zinazoimba, mishumaa ya taa, vinyago vinavyomulika na rimoti ndogo. Ikikwama kooni, umeme wake hutengeneza kemikali kali inayounguza nyama ndani ya muda usiozidi saa mbili, na zile za lithiamu zenye upana wa milimita 20 ndizo mbaya zaidi. Hata ile ndogo ya kifaa cha kusikia huunguza ikiingizwa puani au sikioni, basi usibadilishe betri ya sikio lako mtoto akiwa karibu. Mtoto akishukiwa kumeza, ni hospitali hapo hapo, bila kumtapisha. Aliyetimiza mwaka na anayeweza kumeza anaweza kupewa njiani vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika kumi, visizidi mara sita, lakini safari isicheleweshwe kwa kutafuta asali.

Chai: kikombe kilichomiminwa robo saa iliyopita bado kinaweza kumbabua mtoto. Mtoto mapajani na kikombe mkononi havikai pamoja. Chagua kimoja.

Na kuhusu mwili wetu: viti vya watoto vya chini ni mtego wa magoti, vinyago sakafuni ni mtego wa nyayo, na mtoto anayekimbia akiangalia nyuma atagonga miguu yako bila wewe kumsikia, kwa sababu kwenye kelele za watu wengi masikio ya uzeeni hayatenganishi sauti. Kaa ukutani, si katikati ya njia. Fimbo ilale chini ya kiti kwa urefu wake. Mapovu ya sabuni yachezwe nje kwenye majani. Sehemu moja ya sabuni ya vyombo, sita za maji na kijiko cha glisirini hutoa mapovu imara, hasa mchanganyiko ukilala usiku mmoja, lakini kwenye vigae maji hayo huteleza vibaya, na atakayevunjika nyonga ni mzee.

Zawadi

Mpe moja. Mtoto wa miaka miwili aliyefunguliwa zawadi 12 mfululizo huacha kuziona baada ya ya tatu, analilia karatasi au boksi. Kabla ya kufunga zawadi, ifungue wewe mwenyewe: kata nyaya na vifungo vya plastiki, unganisha vipande, weka betri, hakikisha kifuniko cha betri kimekazwa kwa skrubu na hakifunguki bila bisibisi, kisha uirudishe bila plastiki zake. Jaribu kila kipande kwenye bomba la karatasi gumu linalobaki karatasi ya chooni inapoisha. Kinachoingia chote humo si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kipimo rasmi kinachotumiwa kukagua vinyago ni chembamba zaidi, sentimita 3.17, kwa hiyo bomba hilo linakupa tahadhari ya ziada, na hiyo ni nzuri. Karatasi ifungwe kwa selotepu kipande kimoja tu, ukunje ncha yake ili vidole vidogo vipate pa kushika.

Zawadi zifunguliwe wageni wakishaondoka, au kesho yake asubuhi. Kwa watoto wa umri huu bado ni vigumu kukubali kwamba kitu ni cha mwenzao, wala si tabia mbaya. Michezo nayo iwe isiyotoa mtu nje. Ule wa kugombea viti muziki ukizimwa, ondoa kiti lakini usimwondoe mtoto, mwishowe wote wajibane kwenye kimoja wakicheka. Kama limekodiwa jumba la kujazwa upepo la kurukia, wadogo wasichanganywe na wakubwa, liwe limefungwa ardhini sehemu sita au zaidi, na upepo ukifikia kilomita 38 kwa saa litolewe hewa. Beseni au bwawa lolote lenye maji, hata ya sentimita tano, liwe na mtu mmoja anayelitazama asiye na simu, akipokelewa kila baada ya dakika 15.

Kwa wazazi wa mtoto

Usiseme "kama kuna la kufanya mniambie." Mama aliyechoka hana nguvu ya kukutafutia kazi. Sema: "Mwanangu, mimi ninashika mlango," au "kunawisha watoto mikono niachieni mimi." Mlango kwa kweli ni kazi kubwa, kwa sababu wakati wageni wanaingia na kutoka ndipo mtoto wa miaka miwili hupenya miguuni mwa watu akafika barabarani. Hesabu vichwa kila robo saa. Uliza mapema juu ya mzio wa kila mtoto anayekuja, hasa maziwa, mayai, ngano na karanga, na maboksi ya vyakula yasitupwe hadi sherehe iishe ili maandishi yake yaweze kusomwa.

Ukichangia fedha, changia wiki kadhaa kabla na usizifunge na masharti. Ukiona jambo usilolipenda lakini halina hatari, kama vile mtoto kuruhusiwa kula keki kabla ya chakula, liache lipite. Ukiona hatari, usimseme mzazi mbele ya watu. Iondoe hatari kwa mkono wako, kisha umweleze jioni. Na ukiwa na mafua au kidonda cha homa mdomoni, usimbusu mtoto. Mpungie.

Picha moja na ukurasa mmoja

Picha nzuri hupigwa nusu saa kabla ya wageni, mtoto akiwa ameoga na nyumba kimya, dirisha likiwa mbele ya uso wake, kamera ikiwa kwenye usawa wa macho yake. Mzee aliyekaa kitini tayari yuko karibu na usawa huo.

Kisha, usiku huo huo kabla hujalala, andika ukurasa mmoja kwa mkono. Tarehe, kimo chake kwa sentimita, maneno anayoyasema na jinsi anavyoyatamka, chakula anachokikataa, nani anamkimbilia akiogopa, jino gani limetoka, nani walikuja. Mtamshie mama yake kwenye simu maneno yale ili akusahihishe. Asubuhi, mtoto akiwa bado na usingizi na hana mbio, weka unyayo wake juu ya nusu ya chini ya ukurasa uuzungushie kalamu ya risasi, kuanzia kisigino, kalamu ikisimama wima. Kwenye kidole cha mwisho atacheka na kuukunja mguu, na mstari utakwenda upande. Uache hivyo hivyo, usiufute.